Jinsi ya Kutazama Wanyamapori katika Bonde la Mto Tarangire: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Mbili

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ipo mkoani Manyara, yapata kilomita 118 kusini magharibi mwa jiji la Arusha. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850, lakini sehemu kubwa ya yale ambayo mgeni huyaendea hupatikana kwenye ukanda mwembamba: bonde la mto, kingo zake za mchanga, na vinamasi vinavyohifadhi maji upande wa mashariki na kusini. Anayelifahamu bonde hilo anaweza kuona mengi kwa kutembea kidogo, ilhali asiyelifahamu huzunguka kutwa nzima akifuata habari za simba zinazopashwa kwa redio kati ya gari na gari, akafika kila mahali baada ya mnyama kuondoka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kwenda pamoja na mwongoza watalii kwa muda wa siku mbili, akilala usiku mmoja ndani ya hifadhi au jirani nayo. Siku mbili zinatosha kuona jioni moja na alfajiri moja, na hizo ndizo nyakati ambazo bonde huwa na uhai mwingi. Ushauri wangu mkuu ni huu, nao utarudi katika kila hatua: chagua sehemu chache, ufike kwa saa inayofaa, zima injini, kisha ukae muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji.

Hatua ya kwanza: Elewa kwa nini wanyama wapo bondeni

Kabla ya kukodi gari, ni vizuri kuelewa kinachowaleta wanyama mtoni na kinachowaondoa, kwa sababu maamuzi mengine yote yanategemea jambo hilo. Mto Tarangire huanzia kwenye milima ya Kondoa, hupita ndani ya hifadhi kuelekea kaskazini, kisha hukunja kuelekea magharibi na kumwaga maji yake katika Ziwa Burunge. Katika eneo lote hilo la nyanda kavu, mto huu ndio chanzo cha maji kinachotegemewa wakati mabwawa ya nje ya hifadhi yamekauka. Hata pale maji yanapopungua na kubaki madimbwi, tembo huchimba mchanga wa mtoni kwa miguu na mikonga mpaka maji yajikusanye, na visima hivyo hutumiwa na wanyama wengine pindi tembo wanapoondoka.

Mvua zinaponyesha, mambo hugeuka. Nyumbu na pundamilia huondoka bondeni na kutawanyika, wengi wao wakielekea mashariki katika tambarare za Simanjiro na wengine kaskazini hadi upande wa Ziwa Natron. Hawafuati majani mabichi tu, kwa kuwa wakati huo majani mabichi yapo kila mahali. Malisho ya tambarare hizo yana madini mengi zaidi, hasa fosforasi, ambayo majike yenye mimba na yanayonyonyesha huyahitaji sana. Kwa hiyo wanyama wa Tarangire wana makazi mawili, moja la maji na moja la malisho, na hifadhi yenyewe imelinda zaidi lile la maji. Malisho ya mvua yapo kwenye ardhi ya vijiji, ambako wafugaji wa Kimaasai wameishi na wanyama hao kwa vizazi vingi, na njia za kufikia huko, kama ushoroba wa Kwa Kuchinja unaounganisha Tarangire na eneo la Manyara, zinabanwa mwaka hadi mwaka na mashamba, makazi na barabara. Mgeni anayelijua hili hutazama msururu wa pundamilia unaoshuka mtoni kwa macho mengine kabisa.

Hatua ya pili: Chagua majira

Kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, ndicho kipindi bora kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza. Majani huwa yamekauka na kulala, miti mingi imepukutisha majani yake, na wanyama wamejikusanya karibu na maji. Septemba na Oktoba ni miezi ya joto na vumbi, lakini ndiyo miezi ambayo makundi ya tembo huwa makubwa zaidi kando ya mto. Asubuhi za Juni hadi Agosti huwa na baridi kali kuliko wengi wanavyotarajia, hasa kwa aliyesimama kwenye gari lililofunguliwa paa.

Novemba na Desemba mvua za vuli huanza, na mara nyingi mvua chache za mwanzo zinatosha kuwaondoa nyumbu na pundamilia bondeni. Masika, kati ya Machi na Mei, nyasi huwa ndefu, udongo mweusi wa karibu na vinamasi hunasa magari, na baadhi ya barabara za kusini hazipitiki. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba safari ya masika ni ya bure. Ndege wengi huwa katika msimu wa kujenga viota, hifadhi huwa tulivu, na familia za tembo zinazobaki huonekana zikiwa zimeshiba na zenye utulivu. Anayekwenda wakati huo aende kwa ajili ya hayo, asitarajie umati wa wanyama wa kiangazi.

Hatua ya tatu: Mpate mwongoza watalii anayekubali kusimama

Hili ndilo jambo lenye uzito mkubwa kuliko kamera, hoteli au aina ya gari. Mwongoza watalii mzuri huona sikio la chui ndani ya kichaka, lakini uwezo wa kuona si kipimo pekee. Kipimo kikubwa zaidi ni kama yupo tayari kukaa mahali pamoja kwa saa nzima bila kuhisi kwamba anakunyima thamani ya fedha zako. Wengi wao wamezoea wageni wanaotaka kutia alama kwenye orodha ya wanyama, na kwa hiyo hukimbia huku na huko kwa nia njema kabisa. Ni juu yako kumweleza mapema kwamba unataka jambo jingine.

Unapozungumza na kampuni, hakikisha kwanza kwamba ina leseni halali ya biashara ya utalii na kwamba mwongozaji wako ana kibali chake. Kisha omba kuzungumza naye mwenyewe kwa simu. Muulize ni sehemu gani za mto anazipendelea mwezi unaokwenda na kwa nini. Muulize angefanya nini iwapo mngekuta familia ya tembo inakunywa na wakati huohuo redio ikatangaza simba kilomita kumi mbele. Jibu lake la swali hilo litakueleza mengi kuhusu siku zako mbili. Muulize pia kama anawafahamu ndege, kwa sababu mwongozaji anayejua ndege kwa sauti zao kwa kawaida ndiye anayesikiliza, na msikilizaji hugundua wanyama wakubwa kabla ya wengine.

Kubalianeni waziwazi juu ya mambo machache: kwamba gari ni la kundi lenu peke yenu, au kama mnachangia na wageni wengine, basi nao wanataka mwendo kama wenu, kwamba kila abiria atapata nafasi ya dirisha, kwamba mtaondoka kambini kabla jua halijachomoza vizuri, na kwamba mafuta yaliyolipiwa yanatosha kwa mizunguko mnayoipanga. Kuchangia gari na watu msiofahamiana hupunguza gharama sana, na kwa kijana mwenye fedha kidogo ni njia ya heshima kabisa, lakini tofauti ya subira kati ya abiria ndiyo inayoharibu safari nyingi.

Mkiwa njiani, mheshimu mwongozaji kama mwenye ujuzi. Ukitaka mkae zaidi, mwambie tu, "Kaka, naomba tukae hapa kidogo," naye ataelewa. Usimshawishi avunje sheria kwa kumwahidi bakshishi. Faini na onyo vitamwangukia yeye, na kibali chake ndicho riziki yake.

Hatua ya nne: Vibali, malipo na njia

Hifadhi zote za taifa nchini Tanzania zipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lililoanza mwaka 1959. Viwango vya kuingia hubadilika, kwa hiyo viangalie kwa TANAPA wenyewe katika wiki unayosafiri. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini sana kuliko cha wageni wa nje, na ili kukipata ni lazima awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano hawalipi. Malipo hufanywa kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na ni bora kampuni iyakamilishe kabla ya siku ya safari, kwa kuwa foleni ya getini inaweza kukula saa nzuri kabisa ya asubuhi. Soma saa iliyoandikwa kwenye kibali chako, kwa maana muda wa kutoka huhesabiwa.

Kutoka Arusha, barabara ya lami ya Dodoma hupita Makuyuni na kufika Kwa Kuchinja, ambapo mnaiacha na kwenda takriban kilomita 7 hadi lango kuu. Ni mwendo wa saa mbili hivi. Anayetoka Nairobi hupita Namanga na kulala Arusha kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano: Vaa na beba kwa kuzingatia mbung'o, vumbi na jua

Mbung'o wa Tarangire ni kero ya kweli katika sehemu zenye miti mingi, na huvutiwa sana na rangi nyeusi na bluu iliyoiva. Vaa nguo za rangi ya kaki, kahawia hafifu au kijani kilichofifia, zenye mikono mirefu na kitambaa kizito kiasi. Dawa za kawaida za kujipaka kuzuia mbu hazimzuii mbung'o ipasavyo, kwa hiyo nguo ndizo kinga ya kwanza. Usiku ulale ndani ya chandarua na ujipake dawa ya mbu, kwa sababu malaria ipo.

Darubini ni muhimu kuliko kamera, na kila mtu awe na yake. Ile yenye maandishi 8x42 inafaa zaidi kwa matumizi ya kwenye gari, kwani inakuza vya kutosha bila kutetemesha picha na hupokea mwanga mwingi wakati wa alfajiri. Darubini kubwa zenye ukuzaji wa mara 12 au zaidi huonekana za kuvutia dukani lakini huchosha mkono na kuleta picha inayochezacheza. Ongeza kofia, koti la asubuhi, kitambaa cha kufunika kamera dhidi ya vumbi, maji ya kutosha, na daftari dogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo fungasha chakula kwenye vyombo au mifuko ya kitambaa.

Hatua ya sita: Panga siku kwa kufuata jua na maji

Katika sehemu ya kaskazini ya hifadhi, mto hupita takriban kutoka kusini kwenda kaskazini. Jambo hili rahisi lina faida kubwa. Asubuhi, ukiwa ukingo wa mashariki na kutazama mtoni, jua lipo mgongoni kwako na mnyama amemulikwa vizuri. Alasiri, ukingo wa magharibi ndio wenye mwanga mzuri. Mwongozaji mwenye uzoefu huvuka mto katikati ya siku kwa sababu hiyo, na iwapo hakulitaja jambo hilo, mwombe mpange njia yenu hivyo.

Siku ya kwanza, mkiingia kabla ya saa sita mchana, msikimbilie mbali. Sehemu ya Lemiyon, iliyo karibu na lango kuu, ina mibuyu mikubwa ambayo ni sifa ya Tarangire, na inafaa kuitazama kwa makini. Angalia magome yake: makovu makubwa na mashimo yaliyotobolewa ni kazi ya tembo, ambao wakati wa kiangazi hutoboa shina ili kutafuna nyama laini ya ndani yenye maji. Mbuyu una uwezo wa kuotesha gome upya, ndiyo maana miti mingi yenye majeraha ya miaka mingi bado ipo hai, ingawa uliotobolewa mpaka ndani kabisa huanguka.

Saa za joto, kati ya saa sita na saa tisa, wanyama wengi hukaa kivulini, na watu wengi huamini kwamba huo ni wakati wa kupumzika. Kwa bonde la Tarangire wakati wa kiangazi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa kuwa tembo na pundamilia hushuka kunywa hata katika joto kali. Kuleni chakula cha mchana katika eneo la kupumzikia la Matete, ambalo lina mandhari ya mto, huku mkiendelea kutazama. Tumbili wa hapo wamezoea kunyang'anya chakula. Fungeni maboksi na milango ya gari, na msiwape chochote, maana tumbili aliyelishwa na watu huishia kuwa mkali na hatimaye huuawa.

Alasiri kaeni kando ya mto mpaka muda wa kurudi. Magari hayaruhusiwi kutembea ndani ya hifadhi kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na hakuna ruhusa ya kutoka nje ya barabara wala kusogelea mnyama chini ya mita 25. Safari za usiku kwa gari na matembezi ya miguu pamoja na askari mwenye silaha hufanyika Tarangire kwa kibali maalumu na kwa kupanga mapema.

Siku ya pili, anzeni saa kumi na mbili kamili na elekeeni kusini hadi kinamasi cha Silale. Mnapokwenda, simba wanaweza kuwa bado barabarani, kwa sababu usiku hupenda kutembea mahali pasipo na nyasi zenye umande. Silale yenyewe ni uwanda mpana wa matete na maji, na tembo huingia humo mpaka tumboni kula majani mabichi wakati pembeni kote kumekauka. Nyati, kuro, tohe na ndege wa majini huwa wengi. Tazameni pia juu ya miti iliyo kandokando: simba wa Tarangire hupanda mitini mara kwa mara, na chatu nao hujilaza kwenye matawi ya miti ya eneo hili. Eneo la kupumzikia lililo juu ya kinamasi linawaruhusu kula kifungua kinywa huku mkitazama sehemu kubwa ya bonde kwa darubini.

Anayetamani choroa, tandala mkubwa au swala twiga anapaswa kuelewa kwamba wapo lakini si wengi, na kwamba kuwatafuta kunahitaji siku ya ziada kwenye sehemu kavu zilizo mbali na mto.

Hatua ya saba: Kaa na familia moja ya tembo

Ningekuwa na nafasi ya kumshauri mgeni jambo moja tu, lingekuwa hili. Chagua familia moja ya tembo inayoshuka mtoni, msimame mbali kiasi na pembeni mwa njia yao, mkizima injini kabla hawajafika ili wao ndio waamue umbali. Angalieni upepo unavuma kutoka wapi, kwani harufu huwafikia mapema kuliko umbo la gari. Nyamazeni. Dakika kumi za kwanza wanawatazama ninyi. Baada ya hapo huanza kuishi maisha yao, na hapo ndipo utazamaji unapoanza.

Mtafute jike kiongozi. Kwa kawaida ni mkubwa kuliko majike wengine na ndiye anayetangulia au anayefunga msafara panapokuwa na hatari. Wengine husimama anaposimama. Ndama wasioweza bado kutumia mkonga hupiga magoti na kunywa kwa mdomo. Majike vijana huwalinda wadogo zao, na kwa njia hiyo hujifunza ulezi kabla ya kupata ndama wao wenyewe, baada ya mimba ya miezi 22. Tazama pia nani anaruhusiwa kunywa kwanza kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, na jinsi wanavyosalimiana na familia nyingine inapowasili.

Umuhimu wa majike wazee umethibitishwa hapahapa Tarangire. Mtafiti Charles Foley, aliyeanza kuwafuatilia tembo wa hifadhi hii mwaka 1993, alikuta ukame mkali mwaka huohuo. Katika muda wa miezi tisa, ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa walikufa, wakati katika hali ya kawaida vifo kama hivyo ni vichache sana. Familia zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji na malisho kwingine zilipoteza ndama wachache kuliko zile zilizobaki, na akina mama vijana walipoteza zaidi. Watafiti waliona kwamba huenda majike wazee walikumbuka ukame wa zamani na mahali pa kukimbilia, ilhali kundi lililobaki lilikuwa limepoteza wazee wake wengi kwa ujangili wa miaka iliyotangulia. Unapomtazama jike mzee mwenye mashavu yaliyobonyea na masikio yaliyochanika, unatazama kumbukumbu ya njia za maji ambayo hakuna mwingine katika familia aliyonayo.

Usalama una kanuni zake. Tembo anayeinua kichwa, kutanua masikio, kutikisa kichwa, kupiga vumbi au kuupeperusha mguu wa mbele huku akisita anakuonya kwamba umekuwa karibu mno. Mashambulizi ya kutishia tu mara nyingi huambatana na kelele na masikio yaliyotanuliwa, naye husimama kabla ya kufika. Anayekuja kimya, masikio yamelala nyuma na mkonga umekunjwa chini ya kidevu, hatishii tena bali anashambulia kweli. Dume aliye katika kipindi cha joto la kupandana hutambulika kwa majimaji yanayotiririka kutoka tezi iliyo kati ya jicho na sikio, na kwa mkojo unaomdondoka miguuni. Huyo apewe nafasi kubwa na njia iliyo wazi. Kwa hali yoyote, gari lisiwekwe kati ya mama na ndama wake, wala lisizibe njia ya kupanda kutoka mtoni. Mwongozaji akiamua kuondoka, asibishiwe.

Hatua ya nane: Wasikilize wanyama wanaotazamana

Simba na chui hupatikana mara nyingi kwa kutazama macho ya wengine. Twiga wanaposimama wote wakiwa wameelekeza nyuso upande mmoja bila kutafuna, kuna kitu upande huo. Swala pala hukoroma kwa nguvu puani, nyani hubweka, na kanga hupiga kelele zisizokoma. Tai mzoga wanaozunguka angani huenda wanapanda na hewa ya joto tu, lakini wanaoteremka mmoja baada ya mwingine mahali pamoja wamekwisha kuona mzoga.

Tumbili wanastahili usikivu wa pekee. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, nchini Kenya, walionyesha katika taarifa yao ya mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti ya hatari. Wakisikia mlio wa chui hukimbilia mitini. Wakisikia wa tai hutazama juu na kujificha vichakani. Wakisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili na kukagua nyasi. Hivyo huna haja ya kuutambua mlio wenyewe. Tazama wanakimbilia wapi, nawe utajua uelekeze darubini wapi.

Mkimkuta simba au chui, hesabuni magari. Yakizidi manne au matano, nafasi yenu haitakuwa nzuri na mnyama atakuwa amesumbuka. Tazameni kwa muda mfupi, kisha waachieni wengine. Duma hasa huwinda mchana, na magari yanayomzunguka huweza kumnyima mlo wa siku hiyo.

Hatua ya tisa: Ndege

Orodha ya ndege wa Tarangire inakaribia aina 550, na baadhi yao ni nadra kupatikana nje ya Tanzania. Watatu kati yao ni rahisi kuonwa: kwezi wa rangi ya majivu, kasuku mdogo mwenye shingo ya manjano anayeruka kwa makundi yenye kelele karibu na mibuyu, na mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu. Maeneo ya kupumzikia ndiyo bora kuwaona kwa utulivu. Mbuni, tandawala na ndege karani hupatikana kwenye sehemu zilizo wazi.

Hatua ya kumi: Baada ya safari

Jioni hiyohiyo andika daftarini mahali, saa na ulichokiona wakifanya, si majina ya wanyama peke yake. Picha za ubavu wa twiga zina thamani, kwa kuwa madoa ya kila twiga hayafanani na ya mwingine, na watafiti wa eneo la Tarangire na Manyara hutumia picha kumtambua kila mmoja na kufuatilia maisha yake. Usitangaze mtandaoni mahali hasa ulipomwona tembo mwenye pembe kubwa.

Ukipata homa, maumivu ya kichwa au kidonda kilichovimba mahali ulipoumwa na mbung'o, hata kama zimepita wiki kadhaa, mweleze daktari kwamba ulikuwa Tarangire, ili apime malaria na malale pia. Malale ni ugonjwa wa nadra, lakini daktari wa mjini asiyeambiwa hatautafuta.

Kwa atakayerudi, ningependekeza usiku wa pili ulalwe nje ya mpaka, katika maeneo ya jumuiya za hifadhi za wanyamapori za Burunge au Randilen, ambako vijiji vimetenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama na hupata mapato kutokana na wageni. Maeneo hayo ndiyo yanayoacha njia wazi kati ya mto na malisho ya mvua. Mwongozaji wa kijiji atakuonyesha nyayo za pundamilia zinazovuka barabara na mashamba yaliyo pande zote mbili, na ukimuuliza, atakueleza ni mwezi gani wanapita na wapi njia imeanza kuzibwa.